Jicho Kavu Lenye Machozi

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu pindo zake zilinyooka kama zimepigwa rula. Lakini siku hizi alifumua zaidi kuliko alivyoshona. Mshono ulimpotea machoni. Akipepesa, unarudi. Akiendelea, unapotea tena. Macho yalimchoma kama yametiwa mchanga, na machozi yalimtiririka hadi wateja wakampa pole ya msiba.

Hakuelewa kitu. Alikuwa na kisukari, na alishasikia kwamba kisukari hupofusha. Aliogopa kwelikweli. Akaazima miwani ya jirani, akazidi kuona ukungu. Akatia matone aliyobakiza mumewe alipougua macho, wekundu ukaongezeka.

"Tuiuze cherehani," alimwambia mumewe. "Fundi asiyeona ni wa nini?"

Mumewe alisita, lakini alimtafuta mnunuzi.

Siku moja muuguzi wa kliniki ya macho alifuata suruali yake. Mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Hakugomba. Alimtazama fundi, kisha akaitazama feni iliyompuliza usoni. Alimuuliza maswali mawili matatu, fundi akamtajia kisukari chake na matone ya mumewe.

"Dada, huenda macho yako ni makavu."

"Makavu? Na machozi haya ni ya nani?"

Muuguzi akacheka. "Najua haiingii akilini. Machozi mazuri yana mafuta, hukaa juu ya jicho. Yako hayakai. Jicho likikauka linaungua, nalo linajimwagia maji ovyo. Sukari ikikaa juu muda mrefu, huumiza tezi za machozi na mishipa ya fahamu."

"Sasa umenichanganya kabisa! Jicho linavuja, halafu niliongezee maji?"

"Si maji ya bomba, dada. Kuna matone ya machozi ya bandia. Utapewa ukishapimwa. Yale ya mumeo tupa, mengine huharibu jicho. Feni igeuze. Na ukishona, pepesa! Unaikodolea sindano kama inataka kukutoroka."

"Na nisipoumwa tena, basi nimepona?"

"Hapana. Kisukari huweza kulifanya jicho lisisikie maumivu. Meza dawa zako, na usingoje kuumwa ndipo upimwe."

Mama Pindo alikwenda kliniki huku kichwa kikimzunguka. Daktari alimpima mbele na nyuma ya jicho. Nyuma palikuwa salama. Mbele palikuwa pakavu, kama muuguzi alivyosema. Alipewa matone, akaelekezwa kuweka kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu juu ya kope zilizofungwa. Akaambiwa arudi kupimwa kila mwaka, hata akiona vizuri.

Haikuwa muujiza. Mwanzoni aliona matone hayana maana, akataka kuyaacha. Mumewe akamhimiza, "Haba na haba, mke wangu." Akaendelea, akaidhibiti pia sukari yake. Polepole macho yakatulia, na mshono ukakaa mahali pake.

Ndipo mnunuzi akabisha hodi. Alimkuta fundi akishona, kitambaa kikipita chini ya sindano bila kusita.

"Nimefuata cherehani," alisema.

"Haiuzwi," Mama Pindo alijibu. "Ila kama una suruali ya kupunguza, karibu kiti."