Uvimbe Uliorudi Shingoni mwa Gwakisa

Ndugu zangu, kule Ibaba milimani, miaka michache kabla ya Uhuru, nyumba ya Gwakisa na mkewe Ferista ilikuwa na utulivu ambao wengi waliutamani. Jioni mume alipura maharage uani akiimba kwa sauti nzito, ile aliyoimbia kanisani, na mke akimwitikia kutoka jikoni. Watoto walilala wameshiba.

Jumapili moja kola ya shati la Gwakisa ikakataa kufunga. Chini ya sikio palikuwa na uvimbe mgumu, usiouma. Ukakua. Akaanza kukonda na kulowa jasho usiku. Ferista hakungoja ushauri wa ukoo. Alimchukua mumewe, wakashuka mlima kwa miguu, kisha wakapanda lori mpaka hospitali ya misheni.

Daktari alisema ni saratani ya matezi. Akamchoma dawa mpya kutoka ng'ambo, dawa kali iliyomtapisha nyongo. Lakini uvimbe ukanywea! Gwakisa alirudi Ibaba akaimba tena, na kanisa zima likashangilia. Daktari alikuwa amewaonya, "Uvimbe ukirudi hata kidogo, mje mara moja."

Masika yaliyofuata ukarudi.

Hapo ndipo balaa la pili lilipoingia, na hili lililetwa na watu. Osward, mdogo wake Gwakisa, aliitisha ukoo.

"Dawa ya Wazungu ilimponya kaka, sote tuliona," alisema. "Sasa nani ameifunga? Nani anayempikia?"

Macho yote yakamgeukia Ferista.

"Shemeji, sema wazi. Unaniita mchawi?"

"Nasema dawa haishindwi bure."

Hata Tabita, mama yao, aliyempenda sana mkwe wake, akaanza kukataa maji yaliyotoka mikononi mwake. Osward akamchukua mgonjwa mpaka Kamsamba, bondeni, kwa mganga aliyesifika kwa kufungua dawa zilizofungwa. Huko palikuwa na joto, chale na majani machungu tu, na wiki zikapita. Waliporudi, Gwakisa alikuwa anameza mate kwa taabu. Osward akautangazia ukoo kwamba mganga amethibitisha: mwanamke arudi kwao, mgonjwa apone.

Wasomaji wangu, mwingine angefunga mzigo. Ferista alitoka jikoni na bakuli la uji wa ulezi, akapita katikati ya wazee, akasimama mbele ya mumewe.

"Siondoki," alisema. "Nimemlisha tangu aliponioa, na leo nitamlisha. Anayedhani nimetia sumu, aje aonje."

Gwakisa akanyoosha mikono, akalipokea bakuli, akanywa kidogo kidogo mbele ya wote mpaka likaisha.

"Mke wangu," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "nipeleke hospitali."

"Ukienda naye, kaka, usinihesabu!" Osward akafoka.

"Basi baki."

Tabita aliwatazama wakishuka, akatwaa khanga yake, akawafuata.

Hospitalini daktari aliipapasa ile shingo. Tabita ndiye aliyeuliza.

"Nani aliifunga dawa, baba?"

"Hakuna mtu, mama. Miili yetu imejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Ugonjwa huu ni chembe za mwili wake mwenyewe zilizoasi, zikazaana ovyo. Dawa iliziua nyingi, ndipo uvimbe ukanywea. Lakini zote hazifanani. Chache zilikuwa na maumbile ambayo dawa haikuyaweza. Hizo zilibaki, zikazaa nyingine za namna yao. Uvimbe huu wa sasa ni uzao wa zile zilizoihimili dawa, ndiyo maana dawa ileile haifai tena."

"Kwa hiyo mkwe wangu hakutia kitu?"

"Uji wake ndio uliompa nguvu ya kufika hapa."

Tabita akajishika kichwa. Ferista akauliza la kwake, "Hakuna dawa nyingine?"

"Ipo, ya aina nyingine. Mngekuja uvimbe ulipoanza kurudi, ningekuwa na tumaini kubwa zaidi. Lakini nitajaribu."

Akajaribu. Gwakisa alipata nafuu ya kutosha kurudi nyumbani na kuvuna mahindi pamoja na watoto wake. Kabla ya mvua za mwaka ule alifariki, kichwa kikiwa mapajani mwa Ferista.

Matanga yalipokwisha, Osward alikuja na wanaume wa ukoo kumtoa mjane. Alimkuta Tabita ameketi mlangoni.

"Mama, pisha."

"Sipishi. Saratani imeniulia mwanangu, na wewe ulimpunguzia siku. Huyu ndiye aliyemwongezea. Ukitaka kumtoa, anza na mimi."

Ferista akatokea nyuma ya mkwewe, jembe begani.

"Shemeji, nakwenda shambani," alisema. "Jioni utanikuta hapa. Na kesho pia."

Wale wanaume wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kuaga. Osward akabaki peke yake uani, na Ferista akampita akaenda kulima.

MAFUNZO

Dawa ya saratani ikishindwa, usitafute mchawi. Ugonjwa hubadilika ndani ya mwili wenyewe. Chembe zilizookoka huzaana, na dawa ya jana huwa haina nguvu tena. Uvimbe ukirudi, mrudishe mgonjwa hospitali upesi, apate dawa nyingine kungali mapema. Na wewe unayesingiziwa kwa kumuuguza umpendaye, usifunge mzigo. Simama hapo hapo, umlishe.