Jua Lilichomoza Nyuma ya Kanisa

Kornelio alikuwa mgonga kengele wa kanisa. Kengele yenyewe ilikuwa ringi kuukuu ya lori. Kila alfajiri aliigonga kwa nondo, ng'ee! ng'ee! Hata majogoo wa kijiji cha Nyanungu waliona wamenyang'anywa kazi.

Kijiji kilikuwa kipya. Wakati wa Operesheni Vijiji watu walihama kutoka miji yao ya zamani, yaani maboma ya koo zao. Nyumba zikapangwa mstari mmoja kando ya barabara. Mbele ya mlango wa Mama Wegesa pakajengwa kanisa.

Mama Wegesa alikuwa mjane. Pale kijijini ni yeye peke yake aliyebaki na dini ya mababu. Kila kulipokucha alitoka nje na kibuyu cha maziwa. Alipiga funda moja, akalipuliza mbele yake, kisha akanong'ona maneno.

"Unaona?" Kornelio alimwambia mkewe, Kezia. "Analitemea kanisa! Anatulaani!"

"Umemuuliza?" Kezia alisema.

"Nimuulize nini? Macho ninayo."

Asubuhi moja uvumilivu ulimwisha Kornelio. Alimnyang'anya Mama Wegesa kibuyu, akakibamiza chini. Maziwa yakamwagika. Mama Wegesa aliokota vipande, akaingia ndani akilia.

Kornelio hakuishia hapo. Alikwenda kwa Machage, mwenyekiti wa kijiji. "Wegesa amekashifu dini. Afukuzwe!"

"Tutaamua kesho mkutanoni," Machage alijibu.

Maskini Mama Wegesa! Mji wake wa zamani ulikwisha kubomolewa. Akifukuzwa, angekwenda wapi?

Jioni alikuja Efrazia, jirani yao. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, tena mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo.

"Shikamoo, mama," Kornelio alimwamkia.

"Marahaba. Mura, kijana wangu, nasikia unataka Wegesa afukuzwe."

"Ndiyo. Kwani sheria haikatazi kukashifu dini?"

"Inakataza. Lakini ni lazima mtu awe amekusudia kukashifu. Wegesa hakukusudia. Anasalimia jua! Anamwomba Mungu mvua, na uzima wa watoto, hata wa kwako. Babu yako alifanya vivyo hivyo. Kule kwenye boma lake la zamani mbele palikuwa wazi. Sisi ndio tuliojenga kanisa mbele ya jua lake."

Kornelio aligeuka akatazama. Kweli, jua huchomoza nyuma ya kanisa. Mbona hakuliona hilo siku zote?

"Tena sikiliza," Efrazia aliendelea. "Sheria haikutaja kanisa peke yake. Inalinda dini ya kila mtu, hata akiwa mmoja kijiji kizima. Ukiharibu kitu kitakatifu cha mwenzako ili kuidharau dini yake, umetenda kosa. Haya, kibuyu cha ibada amekivunja nani?"

"Mimi. Mama, nitafungwa?"

"Akishitaki, utajieleza kwa hakimu. Lakini nenda ukamwombe radhi kwa sababu umemkosea, si kwa kuogopa jela."

Kesho yake mkutanoni Kornelio alisimama wa kwanza. Aibu ilimjaa, lakini alisema. "Aliyekosa ni mimi. Mama Wegesa, nisamehe." Akampa kibuyu kipya kwa mikono miwili.

Mama Wegesa alikinusa. "Kimefukizwa vizuri. Hii kazi ni ya Kezia, si yako!"

Watu walicheka. Mama Wegesa naye akacheka, akasema hatashitaki.

"Serikali yetu haina dini," Machage alisema. "Kila mtu aabudu anavyoamini. Hapa hafukuzwi mtu."

Asubuhi iliyofuata Kornelio alishika nondo yake. Mara akamwona Mama Wegesa anatoka na kibuyu. Akateremsha mkono. Alisubiri mpaka mama alipopuliza maziwa na kumaliza kuomba. Ndipo akagonga, ng'ee! ng'ee!

"Mura!" Mama Wegesa alimwita kutoka mlangoni. "Leo umechelewa. Nimekwisha kukuombea usigombezwe kanisani."