Kipimo Kwanza, Benchi Baadaye

Asubuhi ile Mama Fundi alikuwa akishona sare za shule. Binti yake, mwenye mimba ya miezi minane, alikaa karibu akishikiza vifungo. Alijaribu kutunga uzi kwenye sindano, akakosa. Akajaribu tena, akakosa.

"We mwanangu, macho umeyaacha wapi?"

"Naona vimulimuli, mama. Na kichwa kinaniuma sana tangu jana."

Mama Fundi akamtazama vizuri. Uso ulikuwa umevimba. Pete ya ndoa ilikuwa imezama kidoleni. Akaiacha sketi kwenye cherehani, wakaenda hospitali.

Pale mapokezi walipewa kikaratasi chenye namba arobaini na saba. Wagonjwa walikuwa wengi, mabenchi yamejaa. Muuguzi alikuwa mmoja tu. Alipita haraka akimuuliza kila mtu hali yake, akafika kwa binti.

"Hujambo, mdogo wangu? Hali yako?"

"Nzuri tu. Shikamoo, dada."

Muuguzi akaandika kwamba huyu anaweza kusubiri, akasonga mbele.

Kosa la binti tunalifanya wengi. Tumelelewa kuitikia "nzuri" hata nyumba inapoungua. Adabu ni njema, lakini haitibu mtu.

Saa nzima ikapita. Mara mlango wa pembeni wa hospitali ukafunguliwa. Mke wa mkurugenzi wa wilaya, mjamzito pia, akashuka garini. Mlinzi akampigia saluti. Daktari mwenyewe akatoka kumpokea.

"Sina tatizo, daktari," alisema yule mama. "Nimekuja kliniki ya kawaida tu."

Alihudumiwa palepale, akaondoka.

Mama Fundi akasimama. "Na sisi je? Huyu wangu amebeba mimba au amebeba mto?"

Watu wakacheka, ila hakuna aliyefurahi.

"Kaa chini, mama," mlinzi akasema. "Wakubwa wana mlango wao."

"Mlango huo umejengwa kwa kodi ya nani?"

"Ukiendelea nakutoa nje."

Mwanamke aliyekuwa akideki ukumbi akamvuta Mama Fundi mkono taratibu.

"Haki unayo, dada yangu. Lakini ukigombana na mlinzi, mwanao hatapona. Anaumwa nini hasa?"

Mama Fundi akamweleza. Mfagiaji akaegemeza dekio lake ukutani, akamgeukia binti.

"Na hapa juu ya tumbo, chini ya mbavu, panauma?"

"Panauma tangu alfajiri."

"Mbona hukusema?" mama yake akamaka.

"Aliniuliza hali tu, mama."

"Haya, nisikilizeni," mfagiaji akasema. "Kuumwa kichwa sana, kuona vimulimuli, kuvimba uso na mikono, maumivu chini ya mbavu. Mjamzito mwenye hata moja kati ya hayo hasubiri namba. Mimi si muuguzi. Lakini nadeki hapa mwaka wa kumi na nane, na nimeona waliosubiri wakitolewa wamefunikwa shuka. Nenda kwa muuguzi. Usimlilie, usimtukane. Taja dalili moja moja. Sema zilianza lini. Mwambie ampime presha sasa hivi. Akikataa, omba kuonana na msimamizi wa zamu."

Mama Fundi akaenda, akasema hivyohivyo. Muuguzi alikuwa ameshafungua mdomo kusema "subiri". Aliposikia vimulimuli, akaufunga. Akachukua kipimo, akapima. Akapima tena.

"Mia na themanini kwa mia na ishirini," akasema. "Leteni machela!"

Binti alichomwa sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, akapewa dawa ya kushusha presha. Alasiri akafanyiwa upasuaji. Mtoto wa kike, kilo mbili kasoro kidogo, akalia.

"Mngechelewa kidogo," daktari akasema, "tungewapoteza wote wawili."

Muuguzi alikuja wodini, macho mekundu. "Nisamehe, mama. Sikumpima."

"Nimekusamehe. Ila nisingekutana na mfagiaji, leo ningekuwa naomba jeneza."

Mama Fundi hakuishia kulalamika barazani. Aliiandikia barua kamati ya hospitali. Akataja siku, saa, namba yake, na nani aliingizwa kabla ya nani. Wanawake ishirini na watatu waliokuwa wakihudhuria kliniki hiyo wakatia saini. Kamati ikamwita.

"Mama, tuelewe," mwenyekiti akasema. "Wakubwa hupiga simu kabla ya kuja."

"Na presha nayo hupiga simu?"

Siku hiyo kamati iliamua. Meza ya kipimo iwekwe mlangoni. Kila mjamzito apimwe kabla ya kukaa, na aulizwe dalili moja moja. Mwenye hatari aingie kwanza. Mlango wa pembeni uwe wa machela tu.

Mjukuu alipoingia mwezi wa pili, Mama Fundi alimpeleka kuchanjwa. Gari kubwa likasimama nje, akashuka mama mmoja mjamzito aliyevaa vizuri. Nyuma yake akaja muuza mboga, mjamzito pia, miguu ina vumbi, amejishika kichwa. Wote wawili wakapimwa palepale mezani. Muuza mboga akapandishwa machela, akakimbizwa ndani.

Dereva wa gari akaja juu. "We muuguzi, unamjua huyu niliyemleta?"

"Namjua," muuguzi akajibu. "Presha yake ni mia na kumi kwa sabini, na hana dalili yoyote ya hatari. Karibu ukae, mama."

Yule mama akakaa.