Ulimi wa Aminirabi Tesha

Mteja alisogeza uso kwenye tundu la shaba, akapuliza mara moja, na mashine ikamjua. Mvuke ulipanda ndani ya kioo kirefu, ukapoa, ukadondoka tone kwa tone kwenye kikombe. Mashine hiyo iliitwa kisomapumzi. Ilinusa pumzi ya mtu, ikapima uchovu wake, hofu yake na usingizi alioukosa, kisha ikamchagulia mimea: huyu mchaichai na ganda la chungwa, yule iliki, kivumbasi na gamba chungu la msesewe. Kinywaji chenyewe kiliitwa tulizo. Kilichoma koo na kupasha kifua joto kama pombe kali, lakini hakikuwa na kileo hata chembe. Mtu alikunywa, akacheka, akarudi nyumbani na akili zake zote.

Tulizo lilikuwa limeubadilisha mji wa Moshi. Baa za zamani, pale reli ya angani inapoanza kupanda kuelekea Marangu, zilikuwa zimegeuzwa kumbi za visomapumzi, na vijana walijisifu kwa kunywa kwa makini, kikombe kimoja jioni nzima. Aliyeunda mashine hiyo alikuwa mhandisi Anansia. Aliyeimiliki alikuwa Bwana Aminirabi Tesha.

Tesha aliweza kuonja tone moja akakutajia mmea, mahali ulipoota, na kama ulivunwa kabla ya mvua au baada yake. Hakuna shehena iliyotoka kiwandani bila yeye kuionja. Ulimi huo ulikuwa umemtajirisha mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa zamani, alipouza pombe kali. Kila mpikaji wa pombe kali anajua kwamba maji ya kwanza kutoka kwenye mrija ni sumu, na humwagwa. Mwaka ule Tesha hakuyamwaga. Aliyaonja, akayajua, akayatia kwenye chupa pamoja na mengine. Watu wakafa. Mzee Kiwia, fundi saa wa Kiborloni, hakufa. Aliamka asubuhi akauliza kwa nini hakujakucha.

Mbele ya tume ya uchunguzi Tesha alisema maneno ambayo Anansia, binti pekee wa Kiwia, aliyahifadhi tangu utotoni: "Sikumshika mtu pua nikamnywesha." Hakufungwa. Wala hakuwahi kukanyaga uani kwa Kiwia na jani la isale, jani ambalo Mchaga akikuletea kuomba msamaha huwezi kumkatalia. Sasa jani hilo hilo lilikuwa limechorwa kwenye kila chupa ya tulizo. Anansia alilikuta kila asubuhi kwenye geti la kiwanda, akaingia kazini na utulivu wa mtu anayenoa kisu. Tesha hakujua mhandisi wake ni binti wa nani. Hakuwahi kuuliza.

Anansia aliutaka ule ulimi. Kifo aliona ni kumpumzisha tu.

Juu ya ulimi wa mtu kuna vijinundu vidogo vya kuonjea. Havidumu, hufa, na vingine huota mahali pake kama majani. Kwa msaada wa akili ya mashine yake, Anansia alitengeneza kimiminika alichokiita kizimio. Kilichofanya ni kuviamuru tu vijinundu visiote tena. Mtu angekinywa leo na kukisifu, na ladha zingemwondokea polepole, kama taa za mtaa zinazozimwa moja moja, zisirudi tena.

Nafasi ilikuja siku ya kuzindua tulizo jipya. Tesha angepuliza mbele ya wageni, kisomapumzi kingeitambua pumzi yake, na kizimio kingedondoka kwenye kinywaji chake peke yake.

Ndivyo ilivyokuwa. Tesha alipuliza, na Anansia akakinga kinywaji kwenye kibuyu alichokitaka tajiri mwenyewe ili picha zipendeze. Akamkabidhi kwa mikono miwili. Tesha akakitazama, akakirudisha.

"Anza wewe, mama."

Anansia alieleza kwamba aliyetengeneza ni mashine, na mashine imeshajipima.

"Mashine haina koo," Tesha alisema. "Kwetu anayetoa anaanza, mgeni aone hakuna kitu. Au wewe ni mtu wa wapi?"

Wageni wakacheka. Mmoja akadakia kwamba injinia anaogopa kulewa pombe isiyolevya, wakacheka zaidi.

Anansia alikuwa ameisahau desturi hiyo. Kwenye kumbi zote mashine ndiyo iliyomimina, na hakuna aliyeiambia mashine ionje. Alidhani imekufa. Lakini Tesha aliikumbuka, kwa kuwa alijua kuliko wote kile ambacho mmiminaji anaweza kumtilia mtu.

Angeweza kukiangusha kile kibuyu. Alifikiria kazi yake, ambayo nayo ilikuwa kazi ya ulimi, ya kuonja kila mchanganyiko mpya. Alifikiria mtori wa baba yake, ile supu nzito ya ndizi. Kisha akamsikia baba yake akiuliza kwa nini hakujakucha, akanywa. Akameza mara mbili, asije akatiliwa shaka.

Tesha akapokea, akanywa, akafumba macho. "Msesewe wa Kibosho. Mchaichai wa tambarare, umevunwa jua likiwaka. Na kuna kitu kimoja sikijui." Akamtazama. "Kitamu. Ni nini?"

"Siri ya jikoni, mzee."

Wakapigiwa makofi.

Chumvi ndiyo iliyotangulia kuondoka, ikafuata sukari. Uchungu ulikawia, nao ukaenda. Siku Tesha alipomwita ofisini, meza ilikuwa imejaa vikombe vilivyoonjwa na kuachwa, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulikunywa na wewe," alisema.

"Nilikunywa."

Kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza. "Wewe ni wa kwa nani?"

"Wa kwa Kiwia. Fundi saa."

Tesha akaanza kulia bila kujificha. Anansia alisimama akamtazama mpaka akatosheka.

"Sikukushika pua, mzee," akamwambia. "Ulikunywa mwenyewe."

Alasiri hiyo alikwenda Kiborloni. Baba yake alikuwa jikoni akipapasa vyungu vyake. Akampakulia mtori, akauonja kwanza yeye, akampa.

"Chumvi imekolea?"

"Imekolea, baba."

Mzee Kiwia akafungua kiganja: chumvi ilikuwa bado humo. "Sijatia," alisema.

Basi Anansia akamweleza yote. Mzee alisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu, kama Tesha alilia. Anansia alipomwambia kwamba alilia, uso wa mzee ulifunguka kwa furaha ambayo binti yake hakuwa ameiona tangu utotoni. Haikukaa.

"Mbona hukuniita siku ile? Hata mtu wa nyumbani kwa anayetoa anaweza kuonja. Ningeonja mimi."

"Alikuchukulia macho, baba. Mimi nikuchukulie na ulimi?"

"Kisasi kilikuwa changu," alisema mzee. "Na ulimi wangu ungetosha. Wewe una miaka mingi ya kula."

Akanyunyiza chumvi kwenye bakuli la binti yake, akakoroga, akaonja, akaongeza kidogo, akaonja tena mpaka akaridhika. Kisha akamsogezea. Anansia alikula wote, na alichohisi ni joto tu.