Alama Sikioni

Kila siku akitoka shuleni, Nashipai alipita kando ya uwanja ambako wasichana wenzake walicheza mpira wa rede, na hakuna aliyemwita. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alitoka kijijini Kakesio mwezi wa kwanza kuja kusoma Karatu mjini, na lafudhi yake ya Kimaasai haikuwa imemtoka. Siku moja alijisahau akasema darasani kwamba kwao wana ng'ombe arobaini. Tangu hapo Antonia wa dawati la mbele alimuuliza kila asubuhi, "Nashipai, ng'ombe wamekusalimia?" Darasa zima likacheka.

Aliishi na mama yake mdogo, Sifa, aliyekuwa mpishi nyumbani kwa Mama Hansa. Mama Hansa alikuwa Mhindu, mjane mwenye duka la mabomba na misumari. Wanawe walihamia mbali. Nyuma ya nyumba alifuga ng'ombe mmoja wa maziwa, na kila asubuhi alimgusa paji la uso kwa heshima kabla ya kwenda kufungua duka. Mtu wa Endabash aitwaye Clemensi ndiye aliyekata majani na kukamua. Nashipai alikuwa na kazi moja tu, kumshika ndama asimsumbue mama yake wakati wa kukamuliwa. Hiyo ndiyo saa pekee ambayo hakujiona mgeni.

Ndama alipofikisha miezi miwili, Nashipai alianza kukosa raha. Kwao ndama hukatwa sikio kwa alama ya boma, ili hata akipotea malishoni ajulikane ana wenyewe. Huyu alikuwa na masikio mazima, kama asiye na mtu duniani. Jumamosi mchana, Clemensi akiwa ameenda kukata majani, Nashipai alichukua wembe, akambana ndama ukutani kama alivyomwona baba yake akifanya, akakata ncha ya sikio la kushoto. Damu ilitoka nyingi kuliko alivyodhani. Ndama akatetemeka. Nashipai akakimbilia ndani.

Jioni Mama Hansa aliliona sikio. Kwake yeye, kumtoa ng'ombe damu ni jambo lisilovumilika. Hakupiga kelele. Alimuuliza Clemensi, naye akajibu kwamba hajui. Lakini banda lilikuwa mikononi mwake, kwa hiyo akaambiwa asirudi tena. Clemensi alikuwa na watoto watatu shuleni. Alichukua koti lake, na alipompita Nashipai mlangoni alimwomba tu amwangalie ndama, maana maskini ana maumivu.

Usiku ule Nashipai hakula. Akisema, atafukuzwa bandani, na hapo hatabakiwa na chochote ila lile darasa linalomcheka. Akinyamaza, Clemensi ndiye amekwisha.

Asubuhi Mama Hansa alikamua mwenyewe, akamwambia Nashipai amshike ndama. Nashipai alinyoosha mkono. Ndama akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Ni mimi, Mama," Nashipai alisema. "Mzee Clemensi hajui kitu." Akaeleza yote, wembe, alama ya baba yake, na ndama asiye na mtu.

Mama Hansa aliweka ndoo chini. "Ulimpenda, na ulimuumiza. La kwanza halifuti la pili."

Walikwenda pamoja hadi chumba alichopanga Clemensi. Mama Hansa aliomba radhi kwa kumhukumu bila kuuliza vizuri, kisha akamwacha Nashipai aseme lake mwenyewe. Clemensi alisikiliza, akajishika sikio. "Afadhali ulianza na ndama," alisema. "Mimi ningepiga teke." Akavaa koti, wakarudi wote.

Mama Hansa alichemsha maji ya chumvi, akampa Nashipai kazi ya kusafisha kidonda asubuhi na jioni mpaka kipone.

"Kikipona nitakuwa nimemaliza adhabu?" Nashipai aliuliza.

"Nani kakupa adhabu? Katika dini yetu kuna neno karma. Maana yake ni tendo. Ukishalitenda linaendelea mbele na matokeo yake, hulirudishi. Wembe wako ulikata sikio, ukafika mpaka kwa watoto wa Clemensi. Na ukweli wako pia umefika huko. Kuna neno jingine, dharma. Ndilo jambo la haki linalokupasa wewe kulifanya, hata likiwa gumu. Leo asubuhi lilikuwa kusema. Sasa ni kidonda hiki. Roho ya mtu hukua hivyo, haina njia nyingine."

Nashipai alichovya kitambaa katika maji ya chumvi. "Na kuwa peke yangu hapa Karatu? Hiyo ni karma kwa jambo nililofanya?"

"Mimi nakula peke yangu mwaka wa sita sasa," Mama Hansa alijibu. "Nikikaa kutafuta nilimkosea nani, nani atafungua duka? Usiutafutie upweke kosa. Tafuta linalokupasa, ulifanye vizuri, hata asipokuona mtu. Mshike ndama taratibu. Maji yanapoa."