Supu ya Bi Tatsue na Mbwa Wake

Kabla ya tetemeko la ardhi, Bi Tatsue na mbwa wake Gonta walikuwa wakila pamoja jikoni kila asubuhi. Bibi alikunywa supu yake ya miso, rojo la soya lenye chumvi, mbwa akatafuna chakula chake kikavu. Marehemu mumewe ndiye aliyemwachia Gonta, na bibi alimpenda mbwa huyo kama mtoto wa kumzaa.

Sasa nyumba ilikuwa imeanguka na chakula cha mbwa kimefukiwa. Majirani walilala kwenye ukumbi wa shule. Bi Tatsue alilala uwanjani, ndani ya gari lake, kwa kuwa aliona haya kuwasumbua watu kwa mbwa. Kila alipopewa wali na supu, alivichanganya akampa Gonta. Yeye alishindia chai.

Asubuhi moja Gonta hakuinuka. Alikuwa akihema mbiombio, na mkojo wake ulikuwa mwekundu. Maskini bibi, alichanganyikiwa.

Jirani yake Hatsuno, msaidizi katika kliniki ya wanyama, alimkuta akilia.

"Mama, umemlisha nini?"

"Wali na supu. Usinitolee macho! Marehemu mama alilea mbwa wake wote kwa supu hiyohiyo."

Hatsuno alifunua mdomo wa Gonta. Fizi zilikuwa nyeupe. Kisha akachungulia bakuli, akaona majani ya vitunguu.

"Mama yako alimchotea mbwa kabla ya kutia vitunguu, au baada?"

Bi Tatsue alimkumbuka mama yake jikoni, kisu mkononi: "Ngoja kwanza nimtolee mbwa." Hakuwahi kumuuliza kwa nini.

"Kabla," alisema. "Jamani, nimemuua mwenyewe!"

"Hajafa. Kitunguu huharibu damu ya mbwa na paka, hata kikipikwa. Chumvi nyingi nayo haiwafai. Mbebe, daktari wa wanyama yuko nyuma ya ukumbi. Na banda la baiskeli sasa ni la wanyama. Chakula chao kipo, ni kuomba tu."

"Niwasumbue watu tena?"

"Mama nawe! Ukifa njaa humo garini, Gonta atalelewa na nani?"

Bibi alimbeba mbwa wake.

Daktari alimtundikia Gonta dripu, akamtibu kwa siku kadhaa. Hatsuno akamwelekeza bibi: maji safi yasikosekane, chakula cha mbwa kitolewe kidogokidogo, na kizimba chake kule bandani kifunikwe kitambaa ili kelele zisimtishe. Bi Tatsue alihamia ukumbini. Watu alioogopa kuwasumbua walimsogezea godoro.

Gonta alipopata nafuu, bibi alienda bandani na bakuli lake la supu. Mbwa akatikisa mkia, akanyoosha shingo.

"Thubutu!" bibi alicheka. "Chako hicho hapo. Hii ni yangu."

Gonta akainamia chakula chake. Bi Tatsue akaketi kando yake, akanywa supu yote, na vitunguu vyake, mpaka bakuli likabaki tupu.