Zamu ya Kaka Mkubwa

"Na yule wa tarumbeta naye mpigieni makofi," alisema mama mmoja wa makamo, mkoba kwapani, alipokuja kumpa mkono mpiga piano baada ya onyesho la jioni. "Mbona mnamficha nyuma ya pazia? Mwenye pumzi kama ile anakaa mbele, watu wamwone."

Mpiga piano akacheka, maana mtu wa jukwaani humchekea mteja hata akisema upuuzi. Nyuma ya pazia palikuwa na ukuta na viti vilivyovunjika miguu. Bendi ilikuwa ya watu watatu tu: yeye, mpiga besi na mpiga ngoma. Tarumbeta lilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku lake juu ya kabati, na mwenye tarumbeta, kaka yake wa tumbo moja, alikuwa kaburini tangu mvua zilizopita.

"Ahsante, mama," alisema. "Nitamfikishia."

Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Walimwita Vidole, kwa sababu hata akiwa anasubiri chakula vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya meza, na kaka yake walimwita Kaka Mkubwa, ingawa alimzidi mwaka mmoja tu na akili hakumzidi hata kidogo. Walipiga jazi pamoja tangu ujanani. Na katika jazi watu hupokezana. Wimbo ukishaanza, kila mmoja hupewa zamu yake apige anavyojua mwenyewe, akimaliza anampokeza mwenzake. Siku ya kumkumbuka marehemu, bendi ilikubaliana kwamba zamu ya Kaka Mkubwa iachwe tupu. Wote wanyamaze, hata mdundo, kwa kadiri ambayo angepiga, kisha waendelee na wimbo.

Ilikuwa heshima, na ilipaswa kuwa ya siku ile moja. Lakini watu walilia mpaka wahudumu wakasimama na trei zao mikononi. Jumamosi iliyofuata ukumbi wa hoteli ulijaa pomoni. Meneja akasema, "Ile ya kunyamaza msiitoe, tafadhalini," na Vidole hakuhitaji kubembelezwa. Mle ndani ya kimya ndimo alimobakiwa na kaka yake. Akifumba macho alimwona amesimama pale pembeni ya piano, shati limetoka nje ya suruali, akijiandaa kuingia kwa kuchelewa kama kawaida yake. Basi akawa anaiacha zamu ile wazi kila onyesho, bila kusema ni ya nani wala inakwisha lini. Mtu akiwa na msiba hufanya mambo ambayo angemcheka mwingine akiyafanya.

Baada ya maneno ya yule mama, Vidole alianza kutega sikio. Onyesho lililofuata, walipofika kwenye zamu tupu na mikono yote ikatulia, alisikia mtu akivuta pumzi. Hakupiga chochote. Alivuta tu, taratibu, kwa pua, kama wafanyavyo wapiga tarumbeta kabla ya kuweka midomo. Ikaja harufu ya shaba iliyoshikwa na viganja vyenye jasho.

Walipomaliza, mpiga ngoma alimfuata chumba cha nyuma, shati limelowa mgongoni.

"Umesikia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimesikia nini?"

"Usinifanye mtoto mdogo, Vidole. Pale tuliponyamaza, pumzi yangu ilikatika. Nilitaka kuvuta, haiji. Kama mtu ananinyang'anya."

"Acha kuvuta sigara."

"Sigara nimeacha mwaka wa tatu huu! Tuiondoe zamu ile, ndugu yangu. Mimi naogopa, sikufichi."

Vidole alimwambia kwamba asiyetaka kumheshimu marehemu ajiendee zake. Yalikuwa maneno makali, na aliyasema akijua ni makali, kwa kuwa moyoni mwake kulikuwa na furaha mbaya ambayo hangeweza kumwambia mtu. Aliamini kaka yake anarudi.

Nyumbani aliishi na binti yake, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukupumzika. Kama haongei anaimba, na kama haimbi anapiga mluzi. Mama yake alikwishaondoka zamani, akisema kwamba nyumba yenye mwanamuziki mmoja inavumilika lakini yenye wawili ni adhabu. Mwisho wa mwezi Chiriku alikuwa aanze kuimba na bendi. Vidole hakuwa na kitu kingine duniani alichokipenda hivyo, hata piano.

Alasiri moja ya mvua alikuwa sebuleni akifanya mazoezi, na Chiriku yuko jikoni akiosha vyombo huku akiufuata wimbo. Vidole alipofika mahali pa zamu, mikono yake ikanyanyuka yenyewe kwa mazoea. Na safari hii ilipigwa. Tarumbeta lililia kutoka kwenye ujia unaoelekea jikoni, laini, safi, kwa ile sauti ya Kaka Mkubwa yenye mikwaruzo kidogo chini. Machozi yakamtoka Vidole. Alikaa pale ameduwaa akisikiliza, anatabasamu kama mjinga, mpaka alipotambua kwamba maji ya bomba yanasikika yakimwagika lakini Chiriku haimbi tena.

Alimkuta ameshikilia karai la vyombo kwa mikono miwili, kinywa wazi, kifua kimepanda na hakishuki, macho yamemtoka, midomo imegeuka rangi ya majivu, na tarumbeta linalia palepale mbele ya uso wake ambapo hapakuwa na mtu, na kila sauti ilivyozidi kuwa ndefu na tamu ndivyo mishipa ya shingo ya mtoto ilivyozidi kusimama. Vidole alipiga kelele, akamkumbatia, akampiga mgongoni. Tarumbeta halikukoma mpaka lilipofika mwisho wa zamu. Hapo Chiriku akavuta hewa kwa mlio wa kutisha, akaanguka juu ya kifua cha baba yake.

"Baba," alisema alipoweza kusema, "kuna mtu alikuwa anapumulia kifuani mwangu."

Hospitali walimpima, wakasema mapafu hayana hitilafu. Vidole akaifunga piano kwa ufunguo, na kazini akaomba ruhusa. Hayo hayakusaidia. Jumamosi, saa ya onyesho ilipofika, jua bado halijazama, redio inaongea na jirani anagongagonga bati lake, ile harufu ya shaba ikaingia sebuleni, pumzi ikavutwa, na tarumbeta likapiga zamu yake bila piano, na Chiriku akaanguka mbele ya mlango. Mara hii zamu ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Alipozinduka hakuwa na sauti ya kuimbia tena, alikuwa na mnong'ono tu. Vidole, ambaye hakuwa mtu wa waganga, alimpigia simu shangazi yake palepale.

Shangazi alikuwa mganga, na alikuwa na sifa ya kutopenda muziki wa aina yoyote. Alifika na mfuko mdogo wa dawa, akapokea shikamoo zao, akakaa kwenye kiti cha piano akiipa piano mgongo.

"Niambie," alisema. "Huyo anayepiga huingia wakati gani?"

"Zamu ikifika tu, shangazi. Papo hapo."

"Papo hapo. Hachelewi?"

"Hachelewi."

Shangazi akamtazama kwa huruma. "Yule niliyemlea mimi hakuwahi kuwahi kitu chochote maishani mwake. Hata kuzaliwa alichelewa, mama yenu akateseka. Huyo si kaka yako, mwanangu."

Vidole akainamisha kichwa. Alikuwa akilijua jambo hilo tangu ile alasiri ya mvua, na alikuwa akilikimbia.

"Umeweka nafasi mbele za watu, jioni baada ya jioni, hukusema ni ya nani," shangazi aliendelea. "Ulidhani nani atapita aione wazi aiache? Ni jini. Hana pumzi yake mwenyewe, kwa hiyo anachukua za wenzio. Kwanza alionja za wale wa karibu nawe kazini. Sasa amepata kifua kinachomfaa."

Chiriku alikuwa amejikunja kwenye kochi, blanketi mpaka kidevuni. "Atanimaliza, bibi?" alinong'ona.

"Baba yako ndiye aliyemfungulia, baba yako ndiye atakayemfungia." Akamgeukia Vidole. "Utarudi palepale, mbele ya watu walewale. Ikifika zamu ile, usinyamaze. Ipige wewe, yote, mpaka mwisho. Ukitoa mkono kwenye sauti ya mwisho, useme hapohapo kwa kinywa chako: zamu ya kaka yangu imekwisha, hakuna nafasi tena. Akisikia hayo, hana pa kukaa."

"Ni hayo tu?"

"Hayo tu, na ndiyo mazito. Usichelewe hata kidogo. Ukinyamaza pale, utakuwa umempa zamu isiyo na mwisho, na hapo mimi sina dawa."

Alimfukiza Chiriku, akamfunga kitambaa kifuani, akasema atawasubiri nyumbani kwa kuwa makelele ya hotelini yanamuumiza kichwa.

Chiriku alikataa katakata kubaki naye. Jioni ya onyesho alikaa meza ya mbele kabisa, kitambaa chini ya gauni. Ukumbi ulijaa. Vidole alipiga nyimbo za mwanzo mikono ikiteleza kwa jasho, na mpiga ngoma, aliyekuwa ameelezwa kila kitu, alimtazama usoni bila kupepesa. Kisha wakauanza ule wimbo. Mpiga besi akapiga zamu yake, akaipokeza. Watu wakajiandaa kwa kile kimya walichokilipia.

Vidole hakunyamaza. Akaingia, kwa kuchelewa kidogo kama ambavyo Kaka Mkubwa angeingia, akapiga vile ambavyo hakuwahi kupiga, akayapiga makosa ya kaka yake na mizaha yake, ugomvi wao wa utotoni juu ya godoro moja, siku ya kumbeba na siku ya kumzika, na alipokuwa akipiga ile harufu ya shaba ilisogea mpaka ikawa shingoni mwake, kitu kikavuta pumzi sikioni mwake, kikakosa pa kuingilia, kikavuta tena, naye akazidi kukaza, analia na hajifuti, wenzake wameacha ala zao wanamsikiliza, mpaka akafika kwenye sauti ya mwisho, akaipiga, akanyanyua mkono.

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akawaza: nikiyasema, nimemzika mara ya pili. Akawaza: ningemsikia tu mara moja, kidogo tu. Hakukawia zaidi ya kupepesa jicho.

Tarumbeta likalia kutoka kila kona ya ukumbi. Ukumbi mzima ulikuwa umevuta pumzi ili ushangilie, na pumzi ile haikutoka. Vidole aliona vinywa vilivyobaki wazi meza baada ya meza, na mbele ya vyote kinywa cha Chiriku, mkono umeshika kitambaa. Akayasema maneno. Akayasema yote, midomo ikaenda sawasawa, lakini hayakuwa na sauti. Pumzi ya kuyabeba ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Akajaribu tena, kimya. Ndipo akaishusha mikono yote miwili kwenye piano kwa nguvu.

Tarumbeta likakatika. Watu wakapumua, wakaangua makofi na vifijo, wakidhani wameonyeshwa jambo jipya. Chiriku akavuta hewa, akacheka, akalia.

Vidole akaendelea kupiga. Alijaribu mara moja kunyanyua mkono, akaona kifua cha binti yake kikisimama papo hapo, akaurudisha. Akapiga watu wakiwa wanaamka kwenda makwao, akapiga wahudumu wakipanguza meza. Mpiga besi alikwishaondoka, na mpiga ngoma alikuwa nje anapakia ngoma kwenye gari huku akiimba kwa furaha. Mkono wa kushoto wa Vidole ulishaanza kukakamaa kwenye kiganja. Alimkodolea macho kila aliyepita karibu, akatikisa kichwa, akafumbua kinywa, sauti bado isitoke. Walimpungia mkono, wakamwambia leo umetisha, bwana.

Chiriku akapanda jukwaani, uso umejaa nuru, sauti yake imerudi nzima.

"Baba, nimepona! Sikia, naongea!" Akaketi kando yake kwenye kiti cha piano, akamwegemea begani. "Umeyasema, eeh? Mimi nilikuona. Niliona midomo yako."

Vidole alitikisa kichwa kwa nguvu. Machozi yalimdondokea juu ya vidole vyake, na vidole havikusimama.

"Usilie sasa. Yamekwisha," alisema Chiriku. "Umechoka baba yangu, tazama mikono inavyotetemeka. Bibi anatusubiri."

Naye akainama kwa upendo, akamshika viganja vyote viwili, akavinyanyua.